Mashujaa wa Zurako Wananguruma, na Ditram wa Magole Asinifundishe

Bibi Tumwagile (Mama Raheli),
Nyuma ya kibanda cha video cha Mudathir,
Mikumi.
14 Agosti 1998

Ndugu Mhariri Hezekia,
Kijarida cha Sayari Yetu,
Duka la kupiga chapa, jirani na stesheni,
Kilosa.

YAH: KUNYANG'ANYWA MNGURUMO WA MASHUJAA

Ndugu Mhariri,

Shikamoo. Umri wako siujui, ila mtu mwenye mashine yake ya kudurufu nadhani amenizidi. Kama mimi ndiye niliyekuzidi, basi marahaba, tuendelee.

Huku tuko salama. Mtoto ameota jino moja la chini na analionyesha kwa kila mtu, hata kwa ng'ombe wanaopita. Kilichonifanya nishike kalamu ni toleo lako la saba, ukurasa wa mwisho, pale ulipochapa barua ya Bwana Ditram wa Magole na kuiwekea maneno yako chini yake.

Wewe unajua, ila naeleza kwa ajili ya wasomaji wapya. Ipo katuni ya Kijapani ya wapiganaji wa sayari ya Zurako, watu warefu wa rangi ya kijani, na sisi wapenzi wake tunaandika hadithi zetu wenyewe juu yao na wewe unazichapa. Mimi nimeandika sehemu tatu za "Petro wa Zurako Apata Mtoto". Humo nimesema kwamba shujaa wa Zurako akimpakata mtoto hunguruma kifuani, taratibu, mfululizo, mpaka mtoto alale. Na akichoka, mngurumo hukohoa mara tatu ndipo unyamaze. Bwana Ditram anasema hiyo ni sifa ya kubuni, haimo kwenye kanda, na kwamba nimewageuza wapiganaji wa anga kuwa mapaka. Nawe ukaandika chini: "Mwandishi auondoe mngurumo kabla ya mwisho wa mwezi. La sivyo sehemu ya nne haitatoka, nasi tutatangaza rasmi kwamba mashujaa hawangurumi."

Ndugu Mhariri, nimeisoma sentensi hiyo mara nne huku vitumbua vinaungua. Malalamiko yangu ni haya.

1. Bwana Ditram anajisifu kwamba ameiona kanda hiyo mara kumi na moja na ana daftari alimoandika kila kitu. Hongera zake. Mtu mzima mwenye shamba la mahindi Magole, mvua zinakuja na kuondoka, yeye amekaa kwenye benchi anahesabu ngumi. Katika barua yake ametaja ngumi mia mbili na nane. Ningependa kujua mahindi yake yamefika magunia mangapi, lakini hilo halikuandikwa kwenye daftari.

2. Anasema kisichoonekana kwenye kanda hakipo. Vizuri. Kwenye kanda hakuna shujaa anayekula. Hakuna anayelala, hakuna anayekwenda chooni, na mke hakuna hata mmoja. Kwa hesabu ya Bwana Ditram, watu hawa hawajala tangu waumbwe na wote wametoka kwenye udongo kama uyoga. Halafu yeye mwenyewe, katika toleo la nne, aliandika kwamba mashujaa wa Zurako "wamezaliwa bila mama ili wasiwe na huruma". Nani alimwonyesha hilo? Liko ngumi ya ngapi? Yaani yeye akibuni watu wasio na mama, huo ni utafiti. Mimi nikibuni mtu anayembembeleza mtoto, nimeharibu katuni. Naona kubuni hakuna ubaya kwake, mradi asibembelezwe mtu.

3. Hebu tuseme ukweli juu ya hiyo kanda yenyewe. Inazungumza Kijapani. Wilaya nzima ya Kilosa hakuna anayejua Kijapani, kuanzia kwa mkuu hadi kwangu. Sisi Mikumi tunamtegemea Mudathir, mwenye kibanda, anayesimama kando ya televisheni na kipaza sauti akitafsiri. Namsikia vizuri kutoka nje. Anasema: "Haya, hapo jamaa anamwambia, wewe kijani wewe, ukirudi kwenu mwambie mama yako ugali wa jana ulikuwa na uvundo! Mwenzake anajibu, kaka, mguse yeyote, mama usimguse!" Watu wanashangilia mpaka mabati yanatikisika. Mhariri, unaamini Wajapani waliandika habari za ugali? Na shujaa mkuu, kwetu anaitwa Petro kwa sababu Mudathir ana kaka anayeitwa Petro mwenye mabega mapana. Kule Magole mtafsiri wao anamwita Samson. Bwana Ditram analinda ukweli upi basi? Analinda alichobuni mtafsiri wa Magole kisiguswe na nilichobuni mimi. Angalau mimi najua kwamba nabuni.

4. Lakini mngurumo sikuubuni. Na hapa naomba usome polepole.

Bwana Ditram amenikejeli kwamba "huyu mama hata ndani hajawahi kuingia". Ni kweli, sikatai. Mlangoni kwa Mudathir kuna kibao: Watoto Wachanga Hawaruhusiwi. Kwa hiyo naweka jiko langu nyuma ya kibanda, ubavuni kwenye ukuta wa udongo, nakaanga vitumbua huku Raheli yuko mgongoni, na katuni naisikiliza. Miezi saba sasa. Walio ndani wanapiga makelele, wanagombea benchi, wanatafuna miwa. Mimi niko peke yangu na ukuta. Sasa nani ameisikia zaidi?

Na nimeusikia mngurumo. Uko chini kabisa ya sauti nyingine zote, chini ya ngumi na chini ya Mudathir. Unaanza kabla katuni haijaanza, kama mtu anayejiandaa. Ukiegemeza mgongo ukutani unauhisi mbavuni. Raheli alikuwa mtoto wa kulia, Mhariri, alilia tangu kuzaliwa kama aliyedhulumiwa, lakini nikiegemea ukuta ule analegea na kusinzia. Kisha mwishoni, mngurumo unakohoa mara tatu, kho, kho, kho, unanyamaza, na yeye anaamka. Siku nyingine hata picha ya Kihindi inapoonyeshwa mngurumo upo. Nilipouliza, niliambiwa kanda hizi hurekodiwa juu ya nyingine, kwa hiyo ni wazi kwamba mashujaa bado wamo, chini ya Wahindi. Si kitu kingine. Mudathir hana mashine humo ndani, ana televisheni ndogo inayotumia betri ya lori, na betri haisemi. Alitutangazia mwenyewe siku ya ufunguzi.

5. Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya niandike, na hili Bwana Ditram hawezi kulihesabu.

Mume wangu Oswald ni mkata miwa huko Ruhembe. Huja nyumbani kila baada ya majuma mawili. Ni mtu mwema, hana maneno mengi. Raheli alipozaliwa, Oswald alimtazama kama mtu anavyotazama sufuria ya moto. Nikimwambia, Baba Raheli, mpokee mwanao, anaficha mikono nyuma. Mikono yake ina sugu na mipasuko ya majani ya miwa. Anasema, "Nitamkwaruza." Anasema, "Nitamshikaje mtoto, mimi nashika panga." Mama yake mzazi akamuunga mkono: kwao wanaume hawapakati watoto wachanga. Miezi mitano ikapita hivyo. Mtoto alikuwa akimlilia kama mgeni.

Sikumhubiria. Niliandika. Niliandika juu ya mpiganaji wa kijani mwenye mikono ya chuma, ambaye ameua majitu kwenye sayari tatu, anayempakata mtoto wake na kunguruma. Toleo lilipotoka lilifika Ruhembe, wakalisoma kambini kwa sauti, wanaume wazima, wakacheka sana. Oswald hakucheka, mwenzake wa kambini ndiye aliyeniambia. Alipokuja nyumbani alinawa mikono kwa muda mrefu. Akakaa mkekani, akasema, "Lete." Akamweka kifuani, akanguruma. Vibaya mwanzoni, kama mtu mwenye mafua. Lakini aliendelea, na mtoto akalala, na alipochoka akakohoa mara tatu kama ilivyoandikwa.

Kwa hiyo tafadhali elewa. Oswald anaamini kilichochapwa. Ukitangaza rasmi kwamba mashujaa hawangurumi, watalisoma tangazo hilo kwa sauti huko kambini, na safari hii watamcheka yeye. Atarudi nyumbani na kumrudisha mtoto mkekani, na mikono ataificha nyuma. Na mimi sitakuwa na kitu kingine cha kumwandikia. Nimesoma darasa la saba tu. Hii ndiyo akili yote niliyokuwa nayo.

6. Kutokana na hayo naomba, kwa heshima zote:

Kwamba mngurumo ubaki, na sehemu ya nne itoke jinsi ilivyo.

Kwamba Bwana Ditram apewe mtoto. Si wa kudumu, siku moja tu, kuanzia alfajiri hadi magharibi, mtoto anayeota meno. Aketi naye bila msaada. Jioni atuandikie alitoa sauti gani. Kama alimtuliza kwa kumhesabia ngumi, nitamwomba radhi hadharani.

Kwamba kuanzia sasa asiyewahi kubeba mtoto asiruhusiwe kusema mpiganaji ni nini. Tumeambiwa hizi ni zama za soko huria, kila mtu alete bidhaa yake. Wenye nguo za mitumba wameruhusiwa, wenye magazeti wameruhusiwa, wenye deki wameruhusiwa. Iweje mngurumo peke yake uzuiliwe Kilosa kama bidhaa ya magendo?

Na kwamba wewe, Mhariri, uwaandikie barua Wajapani, kwa adabu, uwaambie kanda yao ina upungufu. Mngurumo umerekodiwa chini mno, watu wa Magole hawausikii. Waurekebishe. Wakiuliza ni nani amegundua, uwape jina langu na waliandike sawasawa.

Nimemaliza, na kama nimekukosea mahali hesabu kwamba ni hasira ya mtu anayeandika kwa mkono mmoja, wa pili una mtoto. Nisalimie wote hapo dukani, nisalimie mkeo kama unaye, wasalimie wapenzi wa Zurako kuanzia Kilosa mjini hadi Kilangali. Bwana Ditram naye msalimie, maana kwetu tulifundishwa.

Wako katika kuipenda sayari,

Tumwagile, Mama Raheli
Mwandishi wa "Petro wa Zurako Apata Mtoto", sehemu ya kwanza hadi ya tatu, na ya nne nikijaliwa.

N.B. Ndugu Mhariri, nilikuwa nimekwisha kuibandika bahasha, nimeifungua kwa mvuke wa chai. Hii usiichape.

Jana mchana nilikwenda kumwomba Mudathir anipe maneno mawili ya ushahidi kwamba mngurumo umo kwenye kanda. Oswald yuko nyumbani juma hili, akafuata nyuma na mtoto kifuani. Kibanda kilikuwa kitupu, Mudathir anajaribu deki. Nilipomweleza, alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Mama Raheli, ingia, leo kibao hakikuhusu. Njoo nikujulishe kwa shujaa wako." Akatupeleka kwenye kona, upande wa ukuta ninaoegemea, akaondoa magunia ya sufi. Chini yake ilikuwepo jenereta ndogo nyekundu. Betri ilikufa juma la pili tu baada ya ufunguzi. Anaificha humo kwa kuogopa wezi, na bomba la moshi amelitokeza upande wa uwanjani. Inanguruma. Niliiwekea mkono. Ni yenyewe, Mhariri. Bwana Ditram ana haki: hakuna shujaa yeyote anayenguruma, wala sikusikia kitu chochote cha Zurako kwa miezi saba.

Sikuweza kugeuka. Nilijua Oswald ameona kila kitu. Nilikuwa nasubiri aniite nimpokee mtoto.

Mudathir akasema mafuta yanakwisha, tusikilize. Mashine ikakohoa, kho, kho, kho, ikanyamaza. Kibanda kikawa kimya kabisa, ila hakikuwa kimya. Nikageuka. Raheli amelala, mdomo wazi, mate kwenye shati la baba yake, na Oswald bado ananguruma, anaitazama ile jenereta kama mtu anayemtazama fundi mwenzake aliyechoka mapema. Akaniambia, kwa sauti ndogo, asimwamshe: "Kumbe hii haifiki mbali."

Basi tangaza unachotaka. Ila katika sehemu ya nne, pale mngurumo unapokohoa mara tatu na kunyamaza, naomba uifute hiyo mistari. Si sahihi.