Nimekamatwa Nikimwaga Takataka Siku ya Usafi

Leo jina langu limekufa hapa Kamembe. Nyinyi mlioko Bukavu mtasikia tu, umbea haungoji bariyeri ya mpakani ifunguliwe, basi afadhali mnisikie mwenyewe.

Mnajua Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa mzima. Maduka yanafungwa, kila mtu na ufagio wake. Ya leo ilikuwa nzito: tuliambiwa anakuja mkubwa kutoka Kigali, na watu wa picha nyuma yake. Vita iko ng'ambo ya mto, mpaka unafungwa na kufunguliwa, basi sisi tuonyeshe kwamba upande huu watu wametulia na wanaokota karatasi.

Mimi, fundi cherehani, nikajishonea gauni la kitenge. (Ndiyo. Gauni jipya la kuzolea takataka. Endeleeni kusoma.)

Bidii ndiyo iliyotuponza. Kwa kumwogopa mkubwa tulifika bustanini mapema mno, tukafagia, tukaokota mpaka maganda ya karanga. Mzee Ferdina, shefu wa mtaa wetu, akaja kukagua. Akazunguka. Akashika kichwa.

"Mumefanya nini sasa? Mugeni ataokota nini hapa? Hewa?"

Kweli! Bustani ilikuwa inameta kama sahani ya Idi.

"Murudishe kidogo," akasema. "Kidogo tu. Uchafu wa heshima."

Wa heshima! Maman Riziki, jirani yangu anayeuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, akauliza kama vichwa vya samaki vina heshima. Akaambiwa afunge kinywa.

"Maman Aziza," Mzee akanigeukia, "wewe ni fundi. Panga vizuri, picha itoke."

Jamani, sifa ni sumu. Nilibeba gunia zima. Chupa hapa, karatasi pale, narudi nyuma kutazama kama ninavyotazama pindo la suruali. Nikanogewa. Nikawa narusha kwa mikono miwili, na kawimbo juu yake. Sikusikia gari. Sikusikia wenzangu wakinyamaza. (Hakuna hata mmoja aliyekohoa!)

"Maman, unafanya nini?"

Nikageuka. Suti, buti mpya, kamera mbili. Na mkononi mwangu chupa iliyokuwa tayari kuruka.

Nikamtazama Mzee Ferdina aniokoe. Mzee akaninyooshea kidole.

"Mukubwa, batu ba namna hii njo banatusumbua!"

Mimi! Maman Riziki akainamia ufagio, mabega yanamtetemeka. Nikadhani ananililia. Kumbe anacheka.

Nikisema kweli, mtaa mzima unaumbuka.

"Nisamehe, Mukubwa. Sikulelewa vizuri."

(Mama yangu, huko uliko, usisikilize.)

Mkubwa akafurahi hadi nikaogopa. Akainama nami, akanionyesha chupa inavyookotwa. "Unaona? Si ngumu." Kamera, cha! cha! Kwenye mkutano wa baada ya kazi akanisimamisha mbele ya wote kuwa ushahidi kwamba mtu anaweza kubadilika. Wakanipigia makofi. Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote ni Mzee Ferdina.

Nikajifungia nyumbani. Lakini habari ilikuwa imeshapanda lori la simenti, kwani jioni mama mkwe kafika kutoka Muganza, huko kwenye kiwanda cha simenti, kanikumbatia mlangoni, machozi yanamtoka.

"Mwanangu, nimesikia umeacha ile tabia. Alhamdulillahi! Miaka yote nilikuwa nakuombea."

Naomba asicheke mtu.