Kumbukumbu ya Mzee

Jumatatu, 2 Machi 1998

Mvua. Stima imepotea mara mbili. Kompyuta yangu imekataa Windows 95 tena. Iliandika kwamba memori haitoshi, ikazimika, na sasa haitaki hata kuwaka. Dalmas, jirani yangu hapa mtaani Kianda na mwanafunzi mwenzangu katika chuo cha kompyuta kule Kawangware, ameibatiza Mzee, eti inachelewa kuamka na ikiamka inakohoa. Jina liliniuma. Siku hizi hata mimi naiita Mzee.

Jumamosi Madam Kageha, mwenye akademia ndogo karibu na mtaa wa Olympic, anachagua mwalimu wa kompyuta. Sharti ni uje na mashine yako, na iwe na Windows 95. Waombaji ni mimi na Dalmas. Nikikosa kazi hii, Mjomba Mukhwana, anayenilisha na kunilaza, atanirudisha Kimilili kuchunga ng'ombe. Alitangaza hivyo mbele ya wageni. Yuko kazini mjengoni Kitengela hadi Ijumaa. Mkewe, Auntie Annet, ameniuliza tena meza yake itarudi lini.

Maisha ni magumu, na mengi ya ugumu huo yamekaa juu ya meza ya Auntie.

Jumanne, 3 Machi

Kihara anauza vipuri vya kompyuta kuukuu nyuma ya soko la Kawangware. Anasema Mzee atapona, aongezewe memori tu. Bei yake ilinifanya nitafute pa kukaa. Nilirudi kwa miguu kupitia mtaa wa Satellite, viatu vikinywa maji.

Wazo! Harambee! Watu huchangia karo, harusi, hospitali. Kwa nini wasichangie memori? Nimechapa kadi chuoni, kwa Kiswahili sanifu ili wazee wa kanisa waheshimu: MCHANGO WA KUMBUKUMBU YA MZEE. Ndugu Wepukhulu anaomba msaada wako katika wakati huu mgumu. Mzee ametutumikia kwa miaka mingi. Alizimika Jumatatu.

Memori nimeitafsiri mwenyewe. Nani mwingine Kianda angejua kwamba ni kumbukumbu?

Jumatano, 4 Machi

Sikujua watu wa hapa wanapenda teknolojia hivi! Mama Seline wa mboga, ambaye hakukopeshi hata jani la sukuma, alitoa noti na kulia. Kulia! Shiundu, fundi wa viatu, alivua kofia na kuuliza kama Mzee aliteseka sana. Nikamwambia ukweli: alikuwa akipata joto kali na kupiga kelele usiku. Akasema basi amepumzika. Nikamwambia hapana, Jumamosi ataamka, na nitamwonyesha kwa kila mtu. Akasema imani kama yangu ni adimu kwa vijana.

Auntie amenikaangia mayai mawili. Hajataja meza. Alinishika bega. Hatimaye naheshimiwa katika nyumba hii.

Dalmas aliisoma kadi mara mbili, akatabasamu, akatoa shilingi moja. Akasema pole sana bro, jikaze. Wivu.

Alhamisi, 5 Machi

Siku mbaya. Asubuhi nilimpelekea Kihara mchango wote, nikarudi na memori imefungwa ndani ya gazeti. Nikamfungua Mzee. Memori ni ndefu, nafasi yake ni fupi. Nilisukuma. Nikapaka mafuta ya kupikia. Nikaazima tupa kwa Shiundu nikiwa na nia ya kuisugua ncha ipungue.

Hapo ndipo kwaya ya kanisa ilipoingia, Auntie mbele, wakiimba wimbo wa mazishi. Mwalimu Simeon, kiongozi wa kwaya, akaomba roho ya Mzee ipokelewe mbinguni, naye mwanawe Wepukhulu apewe nguvu. Mwanawe!

Nikaelewa yote kwa mkupuo mmoja. Noti. Mayai. Shiundu na kofia yake. Mtaa mzima unaamini baba yangu amekufa. Baba mwenyewe yuko Kimilili, mzima, pengine anagombana na jirani kuhusu mpaka.

Ningesema wakati ule. Lakini mchango uko kwa Kihara, na Kihara harudishi kitu. Nikainamisha kichwa juu ya memori isiyoingia, nikalia kweli. Wote wakasema nilimpenda sana.

Ijumaa, 6 Machi

Mjomba amerudi akilia, na simenti bado nywelani. Sijawahi kumwona akilia. Nilitaka kumwambia. Nikatazama mikono yake, ukubwa wake, nikaahirisha.

Auntie amemfunika Mzee kwa kitambaa cheupe cha meza. Juu ya monita ameweka picha ya Baba na maua ya plastiki. Amesema pia kwamba Jumatano alituma habari Kimilili kupitia makanga wa basi la usiku. Yaani hadi kwa Baba mwenyewe!

Alasiri akaja Madam Kageha na sukari na majani ya chai. Mwanamke mpole. Alisema hakuona vyema kumsumbua mfiwa na mambo ya mashine, kwa hiyo kazi amempa Dalmas, niomboleze kwa amani. Dalmas alikuwa nyuma yake, amemshikia mwavuli. Kumbe alijua tangu ile shilingi! Akaniambia tena nijikaze.

Jumamosi, 7 Machi

Baba amefika.

Ilikuwa asubuhi, watu wamejaa hadi mlangoni. Aliingia amelowa, amebeba blanketi jipya ambalo bado limo katika nailoni yake. Mama Seline alipiga nduru na kumwaga chai. Mwalimu Simeon aliketi chini. Baba hakuwaona. Makanga alifikisha habari ikiwa imepinda: aliambiwa kwa Mukhwana kuna matanga ya Wepukhulu. Alikuwa amekuja kuchukua mwili wangu.

Aliponiona alinishika masikio yote mawili na kunivuta, akanikagua uso kama anayetafuta mwingine ndani yake. Midomo yake ilitetemeka. Sikujua kwamba mzee huyu anaweza kutetemeka kwa ajili yangu. Kisha akaiona picha yake juu ya monita, kati ya maua. Akauliza kwa sauti ndogo ni nani hasa aliyekufa.

Nilivuta kitambaa, nikaonyesha kompyuta.

Hakuna aliyecheka ila Dalmas. Baba alinizaba kofi moja, la taratibu. Mjomba ndiye aliyemaliza kazi.

Jumatatu, 9 Machi

Baba alirudi Kimilili jana. Blanketi ameliacha, akasema limeshanunuliwa. Nimelala ndani yake. Lina joto kuliko yote niliyowahi kuwa nayo, na nililia kidogo humo, ila hakuna aliyesikia.

Mjomba ameamua: nitabeba mawe Kitengela hadi kila mtu arudishiwe mchango wake, kisha Kimilili. Mama Seline hajibu salamu. Dalmas ameanza kazi leo, na tai.

Nimepita tena kwa Kihara, tumaini likiwa dogo. Habari njema! Anasema memori yangu ni nzuri kabisa, nisiitupe. Shida ni ule ubao mkubwa wa ndani unaoshikilia kila kitu. Mafundi wanauita mother. Mother wa Mzee amechoka, ndiye asiyepokea memori. Akipatikana mwingine, Mzee anafufuka wiki hiyohiyo, na nitamtafuta Madam Kageha mwenyewe.

Pesa sina. Lakini watu wa Kianda wana huruma, hilo nimeliona kwa macho yangu. Kosa lilikuwa lugha tu. Sanifu iliwachanganya. Safari hii nimeandika maneno mepesi, ambayo hata mtoto hawezi kuyaelewa vibaya:

MCHANGO WA MAMA. Ametuacha ghafla. Tunatafuta mwingine.