Nyumba Iliyovaa Viatu

Jumatatu, 7 Agosti 1967

Naziomba radhi kurasa hizi kwa ukimya wangu wa tangu Pasaka. Hapakuwa na jambo la kuandikwa. Leo lipo. Nimepata karavani, gari la kulala la kuvutwa nyuma ya gari jingine!

Daktari wa Milimani, hapa Kisumu, ambaye nilikuwa karani wake mpaka nikastaafu, anarudi kwao Ulaya. Vyombo amempa mpishi. Mbwa amempa jirani. Karavani ilikosa mwenyewe. Nikavua kofia, nikasema kwamba kama si usumbufu ningeipokea. Akasema usumbufu utakuwa wangu. Mtu mcheshi.

Nia yangu ni hii. Jumapili mjukuu wangu anabatizwa huko Awasi, naye ataitwa Loyce, jina la marehemu mke wangu. Mama yake, Awuor, ndiye binti yangu wa pekee. Lakini mila yetu haimruhusu baba kulala katika nyumba ya mkwe wake. Kila nikienda huko, saa kumi alasiri naondoka kukimbilia basi. Nasikia harufu ya kuku. Kuku mwenyewe simwoni. Awuor hubaki langoni akifuta macho. Nimekuwa mgeni wa alasiri kwa mwanangu mwenyewe. Yatosha! Karavani si nyumba ya mkwe. Ni gari. Hakuna mila inayomkataza mzee kulala katika gari lake.

Jirani yangu Nicodemus, mstaafu wa reli, aliisikiliza hoja hii kutoka upande wa pili wa ua wa michongoma. Akasema nyumba ni nyumba, hata ikivaa viatu. Wapita njia walicheka. Mimi sikucheka.

Jumanne, 8 Agosti

Asubuhi nilituma ujumbe kwa Mzee Dalmas, baba yake mkwe wangu Joram, kwa kinywa cha kondakta wa basi la Kericho. Jibu lilirudi na basi la jioni. Mzee Dalmas anasema kwamba kitu kikisimama juu ya magurudumu ni gari, na kikaribie. Kikikaa chini ni nyumba, na baba hajengi kwa mkwe wake. Hukumu ya haki! Nilimrudia Nicodemus maneno hayo mara mbili, asije akakosa kuyasikia. Akanishauri basi niyaombee magurudumu.

Baada ya chai niliyakagua. Tairi la kushoto limepasuka. La kulia limezibwa na kiota. Kuku asiye wangu ametaga humo. Ekseli imeshika kutu ya rangi ya chai isiyo na maziwa. Nilimwomba kuku radhi, nikamhamisha.

Jumatano, 9 Agosti

Fundi Seif amekuja na Landrova yake. Aliingia chini ya karavani, akatoka mweusi na mwenye furaha. Alisema ekseli itafika Awasi. Habari ya kurudi hawezi kuiapia. Ametia grisi kwenye beringi, akafunga matairi mawili ambayo kwa upara wao ni wazee wenzangu.

Alipokwenda kunywa chai niligundua jambo lililonitoa machozi. Kila nati ya gurudumu la kushoto imegongwa herufi L. Loyce! Za kulia zina R. Hiyo bila shaka ni Rehema. Mke wangu upande mmoja, rehema ya Mungu upande wa pili!

Nicodemus, aliyekuwa akichungulia, alisema herufi hizo ni za Kiingereza tu, kushoto na kulia. Akadai kwamba nati za kushoto hukazwa kwa kuzungushwa kushoto, kinyume cha nyingine, na kwamba mashine za namna hiyo alizikuta kule reli. Nilimshukuru. Kisha nikamweleza kwa heshima kwamba shule ya misheni ilitufundisha kukaza kulia na kufungua kushoto, na kwamba hata siku ya mwisho kondoo watawekwa kulia na mbuzi kushoto. Akaniuliza kama karavani yangu ni mbuzi. Nimezikaza zote kulia. Za Loyce zilizunguka kwa wepesi wa ajabu. Grisi nzuri!

Alhamisi, 10 Agosti

Siku ya majaribio. Seif alitupitisha mtaa wa Manyatta, nami nimeketi kando yake nimefunga tai. Tulipokuwa tukiteremka, gurudumu moja lilitupita. Seif akasema, "Mzee, lile lina haraka kuliko sisi." Nikamwuliza ni la nani. Papo hapo karavani ikainama.

Gurudumu lilivuka barabara likaingia katika nyanya za Mama Beldina. Alisimama juu ya mabaki, mikono kiunoni. "Yawa! Mzee, mbona unaacha nyumba yako inazurura?" Niliomba msamaha, nikavua kofia, nikaomba tena. Nikanunua nyanya zote, nzima na zilizopondeka. Akauliza kama nina arusi.

Seif alilirudisha gurudumu, akakaza nati mwenyewe, akanisihi nisizilegeze tena. Tena! Kana kwamba nimewahi kulegeza kitu maishani mwangu. Nilimpa neno langu kwamba sitalegeza hata moja. Kukaza ni jambo jingine, hakulitaja.

Jumamosi, 12 Agosti. Awasi

Maandishi haya yameinama. Sababu yake naieleza.

Seif alisimama Ahero kuswali adhuhuri. Nikashuka na spana nikakaza. Alisimama kuwapisha ng'ombe. Nikakaza. Alisimama kununua miwa. Nikakaza! Kulia, kila mara.

Tulifika kwa Joram kwa vigelegele. Mzee Dalmas alisimama uwanjani na fimbo yake. Nicodemus alikuwa amekwisha kufika kwa basi. Nilimwalika mwenyewe, ili ashuhudie ushindi wangu. Alikuwa amekalia kiti changu. Seif akakata kona kuingia langoni, na gurudumu la Loyce likajitoa. Lilivuka uwanja peke yake, bila haraka, mpaka miguuni pa Nicodemus, likalala. Karavani ikakaa chini.

Ndipo Nicodemus akasema, "Nyumba imevua kiatu."

Vicheko! Joram, kwa adabu, aliugeukia ukuta ili aucheke huo. Seif aliokota gurudumu, akakuta nati zote zimetawanyika njiani, akaenda kuzitafuta. Mzee Dalmas aliizunguka karavani, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Imekaa. Joram akataja, kwa upole mwingi, basi la saa kumi. Awuor alikuwa amempakata mtoto, tayari akifuta macho.

Hapo nilikataa. Nimeishi miaka sitini na minane nikisema samahani. Basi nilisema samahani kwanza, halafu nikakataa! Niliuliza mbele ya wote kama gurudumu la kulia nalo limekaa. Halikukaa. Basi, nikasema, upande wa kushoto ni nyumba. Aibu yake naikubali, na sitaukanyaga. Upande wa kulia ni gari. Nami nitalala kulia.

Mzee Dalmas alitafakari mpaka chai yake ikapoa. Akasema hajapata kusikia upuuzi kama huo tangu azaliwe, na kwamba amelitafuta kosa lake halioni.

Mlango, kwa bahati mbaya, uko kushoto. Niliingia kwa dirisha la kulia, Joram akinishikia kofia, Nicodemus akinishauri nianze na mguu. Sasa nimejifunga kwa tai kwenye kishikio cha kabati, maana kitanda kinateremka kuelekea nyumba. Awuor ameniletea kuku dirishani. Paja! Alisimama hapo nje muda mrefu, akanieleza jinsi mtoto anavyokunja uso kama mama yangu mkwe, akacheka kama alivyokuwa akicheka kabla hajaolewa. Tangu aolewe sikuwahi kumwona binti yangu jioni. Nilikuwa nimesahau kwamba jioni ndipo anapozungumza.

Jumapili, 13 Agosti

Mtoto amebatizwa Loyce. Alilia kwa sauti iliyo wazi. Nilikuwa wa kwanza kanisani, shingo ikiwa imepinda kulia. Mchungaji alidhani namwangalia mpiga kinanda.

Seif alipata nati tatu kati ya nne. Alifunga gurudumu, akaniita, akaniwekea kidole changu juu ya herufi, akanionyesha kwa spana: L, kushoto, hivi, Mzee. Nilimshukuru kwa dhati. Kijana ana mikono mizuri. Elimu yake ndiyo haina msingi.

Jumanne, 15 Agosti

Nyumbani Kisumu. Ekseli imerudi salama, kinyume cha utabiri wote. Seif alikalia spana njia nzima, sijui kwa nini.

Leo Nicodemus amekuja mlangoni. Mlangoni hasa, si kwenye michongoma, na kofia mkononi. Alizungumzia mvua. Alizungumzia bei ya sukari. Mwishowe akasema binti yake Nasipwondi, aliyeolewa karibu na Bungoma, amejifungua. Kwamba kwao Wabukusu mila ni ile ile. Kwamba naye kwa miaka yote hii amekuwa akikimbilia gari moshi la alasiri. Akauliza, akitazama viatu vyake, kama karavani ina kazi wiki hii.

Nilikuwa na neno tamu la kumjibu, kuhusu nyumba na viatu. Nililimeza. Nikamwambia ni yake, na kuku wa dirishani ana ladha isiyopatikana mezani. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Tumekaa majirani tangu kabla ya Uhuru, na hajapata kufanya hivyo.

Ataondoka kesho. Alipokwenda kupatana na Seif, nilifikiri: ni mzee mwenzangu, njia ya huko ni mbovu, na wema haupaswi kuishia nusu. Nikachukua spana nikamkazia nati zote, kulia. Za Loyce nimezikaza mara mbili.

Zimezunguka kwa wepesi wa ajabu.