Sikio la Jinja na Wimbo wa Nne

Jumatatu, 7 Julai

Fedheha! Juwairiya amenitangulia tena. Huyu ni binti wa shangazi yangu, anakaa Mbale, na huchambua albamu mpya za bendi ndogondogo redioni. Kazi hiyohiyo naifanya mimi hapa Mpumudde, Jinja, kwenye ukurasa wangu wa Sikio la Jinja. Yeye husikiliza albamu mara tatu ndipo aseme neno. Uzembe mtupu! Na bado bendi zote zinampenda yeye. Leo katangaza kwamba Ukungu wa Wanale watazindua albamu yao ya kwanza Jumamosi, na nyimbo wamempa yeye peke yake. Bendi ya watu watatu. Hakuna anayeijua. Wakijulikana, sifa zote za Juwairiya!

Nimewaandikia kuomba nyimbo. Mwimbaji wao, Gorreti, kanijibu kwa upole: nisubiri Jumamosi nisikie pamoja na wenzangu. Wenzangu! Wenzangu gani?

Jumanne, 8 Julai

Njia imepatikana. Jalada la albamu limeshatoka, na majina ya nyimbo yameandikwa nyuma. Mchambuzi hodari ahitaji nini tena? Wimbo wa nne unaitwa "Mlango Umefungwa". Gorreti ameolewa na askari wa gereza, afande Wanzala, mtu mpana kama kabati. Nimejumlisha. Nimeandika kwamba katika wimbo huu sauti yake inatetemeka, ni kilio cha mke anayefungiwa nje na mume katili, na mwenye huruma aende akamwokoe. Nikaongeza kwamba mpiga ngoma anapiga kama moyo wa mtu mwenye hofu. Uzuri ulioje! Nimeusoma uchambuzi wangu mwenyewe nikalengwa na machozi. Nimechapisha kabla ya chakula cha mchana. Juwairiya na asikilize sasa!

Jumatano, 9 Julai

Umesambaa! Akina mama wa makanisa ya Mbale wanatumiana. Muuza chapati kaniita profesa. Juwairiya kapiga simu, sikupokea. Wivu. Akaandika kwamba bendi ile haina mpiga ngoma. Nikajibu kwamba masikio hutofautiana.

Jioni Juwairiya kaandika tena. Kaka zake Gorreti wameteremka kutoka mlima Wanale na fimbo mkononi. Wanataka kumrudisha dada yao nyumbani. Gorreti anaapa hajafungiwa nje hata siku moja. Wao wanasema ndivyo wasemavyo wanawake wote wanaoteswa, tena gazeti la Jinja limethibitisha. Gazeti! Kwa muda nilifurahi. Kisha nikasoma mwisho wa ujumbe: afande Wanzala anaulizia ninapokaa.

Alhamisi, 10 Julai

Simu. Namba nisiyoijua. Sauti nzito ikauliza kama mimi ndiye Swaibu. Nikasema Swaibu amesafiri. Amesafiri wapi? Nikasema Sudan, kwa ndugu za babu yetu. Akasema: "Akirudi mwambie afande Wanzala alipiga. Mwambie niko Jinja."

Niko Jinja! Nimefunga kibanda changu cha kutengeneza simu, nikakimbilia nyumbani. Nikabuni mbinu ya pili: uchambuzi mwingine, kwa jina la Daktari Lawrence, unaosema kwamba Sikio la Jinja ni mpumbavu na afande Wanzala ni malaika. Nikachapisha. Mara watu wakaanza kuniuliza kwa nini najitukana kwenye ukurasa wangu mwenyewe. Nilisahau kubadili akaunti!

Hodi mlangoni. Nikaingia chini ya kitanda. Nikamsikia mama akimkaribisha mgeni, akimpa kiti, akimimina chai. Mgeni akauliza habari zangu. Mama, mtu asiyejua kusema uongo, akajibu: "Yuko hapo ndani, afande. Yuko chini ya kitanda. Nadhani anatafuta kiatu."

Nikatoka na kiatu. Hakunipiga. Alinitazama tu, macho yake mekundu kama ya mtu asiyelala. "Watu wanataka kunichukulia mke," akasema. "Jumamosi utakuja Mbale. Utakaa mbele." Akaomba kikombe cha pili, akanywa taratibu, akamshukuru mama, akaondoka. Heri angenipiga!

Ijumaa, 11 Julai

Nimeugua ghafla. Homa, tumbo, mgongo. Mama kanichemshia majani ya mululuza, machungu kuliko dhambi. Nimepona ghafla.

Jumamosi, 12 Julai

Mbale. Ukumbi mdogo, umejaa hadi madirishani. Kiti kilichobaki mbele kilikuwa katikati ya kaka zake Gorreti, fimbo zao magotini. Juwairiya alikaa nyuma yangu. Hakunisalimia. Afande Wanzala alisimama mlangoni, mikono nyuma. Nikajua hakuna pa kutokea.

Gorreti akapanda jukwaani. Mdogo wa umbo, lakini aliwatazama kaka zake mpaka wakainamisha macho. Akawaambia wasikie kwanza, ndipo waamue kama ataondoka nao. Kisha akanigeukia.

"Bwana Swaibu, wimbo wa nne uliusikia wapi?"

Nikasema niliusikia moyoni. Mtu mmoja akacheka. Kaka mkubwa hakucheka.

"Basi leo usikie kwa masikio."

Hakukuwa na ngoma. Gita, litungu, kile kinubi cha kwao mlimani, na sauti yake. Maneno aliyatunga Wanzala mwenyewe. Askari anafunga mlango wa seli jioni, na ndani yumo rika lake, aliyetahiriwa naye msimu mmoja, wakacheza ngoma ya jando pamoja kijiji hadi kijiji. Anamfungia, kila jioni. Akifika kwake hawezi kufunga mlango wa nyumba. Mkono unakataa. Basi mkewe huketi naye kizingitini, mlango wazi, baridi ya mlima ikiingia, mpaka mkono ukubali.

Nikageuka. Afande alikuwa anatazama viatu vyake.

Kaka mkubwa alilaza fimbo chini ya kiti. Akainuka, akaenda mpaka mlangoni, akamshika shemeji yake mkono, hakuuachia. Mimi nililia mpaka Juwairiya akanipa leso. Akaninong'oneza kwamba mwimbaji alikuwa ameogopa kuutoa wimbo ule hadharani, kwa ajili ya mumewe, na mimi nikauvika uongo kabla haujazaliwa. Baada ya uzinduzi Gorreti hakunitukana. Aliniomba jambo moja tu, nisichambue tena nisichokisikia. Nikaapa. Wallahi nimeapa!

Jumapili, 13 Julai

Nimeufuta uchambuzi ule na kuomba radhi. Wafuasi wamepungua. Nimekuwa mtu mpya, mpole, mwenye subira.

Habari! Kuna bendi Budondo, ya dada mmoja aitwaye Patience na binamu zake. Albamu yao inatoka mwisho wa mwezi, na Juwairiya bado hana habari. Nimepanda boda boda nikaenda. Walikuwa uani wanakaza nyuzi za gita. Nimerudi, nimechapisha: albamu ya mwaka, hasa wimbo wa sita, kilio cha binti aliyemkimbia mchungaji. Kiapo sijakivunja hata kidogo. Nimewasikia kwa masikio yangu yote mawili, kwa muda wote ambao boda boda ilisimama kumpisha ng'ombe.