Parang Mlangoni kwa Mtahini

Jumatatu, 18 Novemba

Mungu wangu! Mwalimu Alcindor katangaza leo, bila hata kupepesa macho, kwamba Ijumaa tuna mtihani wa mazungumzo. Kihispania kitupu, ana kwa ana na mtahini wa kutoka nje. Atakayeshindwa anaondolewa darasani na kuhamishiwa uhasibu. Uhasibu! Mimi!

Darasa zima la kidato cha sita limeishiwa nguvu, isipokuwa Nalini Ramkhelawan, aliyenyoosha mkono kuuliza kama inaruhusiwa kuzungumza kupita muda uliopangwa. Binadamu gani huyu?

Bibi asijue. Ukoo wetu umeimba parang hapa kijijini Lopinot tangu enzi za babu wa babu yangu, nyumba hadi nyumba kila msimu wa Krismasi, Kihispania mwanzo mwisho, na hakuna hata mmoja wetu anayeelewa anachokiimba. Mimi ndiye nitakayeelewa. Bibi ameshalitangazia kanisa zima. Nikitupwa uhasibu atazimia.

Kusoma ni njia mojawapo. Nitatafuta nyingine.

Jumanne, 19 Novemba

Nimepata! Yorman, kinyozi aliyehamia Arima kutoka Venezuela. Tumepatana: yeye anifundishe Kihispania, mimi nimfundishe Kiingereza cha hapa kwetu Trinidad. Tumeanza na Kiingereza, kwa adabu tu, maana yeye ni mgeni. Nikamweleza habari za kriketi, za serikali, na jinsi Nalini anavyojisikia. Kugeuka, muda umekwisha. Kihispania kesho.

Jumatano, 20 Novemba

Siamini! Leo Yorman amembishia mteja kwa Kiingereza cha Arima kabisa, kwa maringo yote, mpaka kibanda kizima kikaangua kicheko. Mteja akamuuliza amezaliwa mtaa gani. Siku moja tu! Mimi nimeambulia “habari za asubuhi” na “wembe”. Yorman kanipiga bega, akaniambia nisikate tamaa, mdogo wangu, hata yeye jana alikuwa mbumbumbu.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu amezinyoa zote.

Alhamisi, 21 Novemba

Mpango mkuu umepatikana. Mada yangu ya mtihani ni parang. Nimemwomba Mwalimu Alcindor ruhusa ya kuja na binamu zangu, Dayrell na Josiah, watumbuize kidogo kabla sijaulizwa maswali. Kafurahi mno. Kasema hatimaye naonyesha juhudi.

Hajui. Hapa kwetu mtu ukiimbiwa mlangoni humkatizi mwimbaji hata kama nyumba inaungua. Unasikiliza mpaka ubeti wa mwisho, ndipo unamkaribisha. Basi nimechagua wimbo mrefu kuliko zote, ule unaowaliza watu wazima. Utakapokwisha, muda wangu nao umekwisha. Wimbo wenyewe lazima unahusu kuzaliwa kwa Yesu. Zote zinahusu kuzaliwa kwa Yesu.

Dayrell atapiga kuatro, kile kigitaa cha nyuzi nne, Josiah manyanga. Wamekubali kwa malipo ya pastelle, zile za unga wa mahindi na nyama ambazo Bibi alizifunga kwenye majani ya mgomba kwa ajili ya wageni wa Jumamosi. Nimezichota jikoni alipokwenda dukani.

Ijumaa, 22 Novemba

Sina la kusema. Ngoja niseme.

Mtahini ni Bi Maigualida, mama wa makamo, mzaliwa wa Güiria, ng'ambo ya maji huko Venezuela parang ilikotoka. Hakuna aliyenionya! Tukaanza mlangoni, mimi mbele. Ubeti wa pili machozi yakamlenga. Akasimama. Nikadhani ni heshima. Akakusanya karatasi zake. Nikadhani ni hisia. Wimbo ulipokwisha akaning'iniza mkoba begani, akatubusu mashavuni mmoja mmoja, akampungia mkono Mwalimu Alcindor, akaingia garini, akaenda zake!

Tumemwimbia wimbo wa kuaga! Ule wa mwisho kabisa, wageni wanapoishukuru nyumba na kuondoka. Ningeujuaje? Ukifika wakati huo mimi huwa nimeshiba, nimelala kwenye kochi la mwenyeji. Bi Maigualida kadhani shule imemwandalia kwaya ya kumsindikiza. Hata jina langu hakuniuliza.

Aliyekuwa anafuata baada yangu ni Nalini.  Akaniambia mimi si mwanafunzi, mimi ni balaa lililovalishwa sare. Mwalimu Alcindor kampigia simu mtahini akamwomba radhi. Atarudi Jumatatu. Kwangu hii ni nafasi ya mwisho.

Jumamosi, 23 Novemba

Bibi kajua. Dayrell kapayuka, tena mbele ya wageni waliokosa pastelle.

Nilitarajia aulizie mtihani. Wapi! Kilichomshtua ni wimbo. Kaweka mikono kichwani. Kuiaga nyumba kabla hujaingia, ee Yesu na Maria, huko si kumtakia mtu msiba? Amemwashia Bi Maigualida mshumaa, mtu asiyemjua. Kisha akanigeukia, akasema, “Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wewe Kervon kiuno chako sijui kimeumbiwa nini.” Wageni wakacheka. Mimi sikucheka.

Jumatatu, 25 Novemba

Nimeamka na mpango safi: sauti imenikauka. Asiye na sauti hahojiwi. Ningeahirishiwa mpaka Januari. Nikamnong'oneza Bibi kwamba naumwa koo. Kaamini papo hapo, akakata jani la shubiri uani na kunikamulia kikombe kizima. Nilikunywa chote. Sijawahi kuonja kitu kibaya hivyo tangu nizaliwe.

Nalini akaingia kwanza, akatoka uso umemng'aa. Mimi nikaingia na skafu shingoni, nikaonyesha koo. Bi Maigualida akanihurumia. Hakutaka kuniahirishia. Akasema ataniuliza swali moja tu, jepesi, nijibu hata kwa neno moja.

Akaliuliza polepole. Nikaelewa!

Nilielewa lote! Nilishtuka hadi nikashika meza. Kauliza kwa nini ninasoma Kihispania. Na jibu nilikuwa nalo, kwa Kihispania, sentensi nzima imesimama ulimini: nataka kujua bibi yangu anaimba nini. Miaka yote shuleni sijawahi kuwa na sentensi nzima kinywani. 

Lakini sauti si imekauka? Mwalimu Alcindor alikuwa pembeni, amenikazia macho. Nikisema, mimi mwongo. Nikinyamaza, uhasibu. Bi Maigualida akaniinamia, akangoja. Alingoja muda mrefu sana, maskini.

Nikagusa koo, nikatikisa kichwa. Akaandika sifuri. Moyo umeniuma, sitaficha.

Jumanne, 26 Novemba

Nimeanza uhasibu. Wanafunzi wa huko hawacheki kabisa.

Bibi nimemwambia Kihispania nimekimaliza. Kimalizwe kivipi, kauliza. Nikamjibu kwamba walioelewa mapema huwa wanatolewa darasani. Kalia kwa furaha! Kisha akaniketisha, akanishika mikono, akaomba nimwambie ule wimbo wake wa kuingilia nyumbani, anaouimba tangu akiwa msichana, unasema nini hasa.

 Nikamwambia unasimulia habari za Yesu, ng'ombe wawili, na mama mmoja mwema aliyewapikia pastelle. Bibi akajifuta machozi. Kasema siku zote alihisi hivyo.

Sasa anataka Jumapili nisimame kanisani nifafanue nyimbo zetu zote, ubeti kwa ubeti. Nimekubali. Kuna ugumu gani? Hakuna muumini hata mmoja anayejua Kihispania. Labda yule padri mpya, maana ametoka Kolombia, lakini nyimbo zetu atazijulia wapi?