Abdihafid Anauza Nakuru

Ukitaka kumjua tajiri wa Garissa, usitazame nyumba yake. Tazama wingi wa viatu mlangoni mwake saa saba mchana. Abdihafid alikuwa ameketi kwenye hoteli ya chai ng'ambo ya barabara, akivitazama viatu vya mlangoni kwa Haji Bishar, na alivipenda sana. Kulikuwa na kandambili, makubadhi, viatu vya tairi, na buti moja la jeshi lisilo na mwenzake. Ndani ya ua, sinia ilikuwa imeshuka, na Haji mwenyewe, mfanyabiashara mkubwa wa ng'ombe, alikuwa akila upesi upesi kama mwanafunzi wa bweni.

Ulikuwa mwaka ule baada ya mvua za Elnino. Barabara ya Nairobi ilikuwa imekatika kwa muda mrefu, sukari ikawa inanunuliwa kama dawa, na mifugo ikafa kuanzia Eldas hadi Diff. Haji Bishar, kwa bahati au kwa pua yake ya biashara, alikuwa ameuza ng'ombe wake kabla ya wingu la kwanza. Kwa hiyo kila ndugu aliyepoteza mnyama alijua mlango wa kwenda. Mtu mwema angeona ukarimu pale. Abdihafid aliona mteja.

Tumtendee haki kabla hatujamsengenya. Abdihafid hakuwa mwizi. Hakuwahi kuingiza mkono mfukoni mwa mtu. Watu waliingiza mikono yao wenyewe, wakamletea. Aliwahi kumuuzia mwalimu mmoja kiwanja kilichokuwa katikati ya mto Tana, akamwambia asubiri kiangazi. Alizaliwa Lafey, akatoroka akiwa kijana kwa sababu kule kila shilingi aliyoipata ilikuwa na mjomba wake. Tangu siku hiyo hakuwa na ndugu. Hakuna aliyemwomba karo, wala nauli, wala ngamia wa mahari. Alikula peke yake, mgongo ukielekea mlangoni, na hilo ndilo jambo alilolipenda kuliko yote duniani. Fedha zilikuja na kwenda, lakini uhuru wake hakuuweka rehani.

Alimngoja Haji msikitini baada ya alasiri, akampa mkono, asiurudishe.

"Haji, niwie radhi. Umewahi kupima gharama ya maisha?"

"Naipima kila siku, saa saba mchana," alisema Haji.

"Mimi naishi Nakuru. Kule maji yanatoka ukutani. Hapa unayanunua kwenye mkokoteni wa punda, na punda mwenyewe anakutazama kama wewe ndiye mwenye deni. Mboga kule, mwenye kuuza anakuomba radhi kwa kukutoza. Na ile baridi, nyama inalala siku mbili haijanuka."

"Maziwa ya ngamia?"

"Hayapo," alikiri Abdihafid, kwa maana tapeli mzuri hutia ukweli kidogo, kama chumvi. "Ya ng'ombe yapo tele. Lakini hayo yote ni madogo, Haji. Nikuambie kitu ambacho Nakuru hakipo kabisa?"

"Sema."

"Ndugu."

Haji Bishar alisimama. Alitazama nyuma, akatazama mbele. "Hata mmoja?"

"Mtu anakula mlango umefungwa. Jirani akisikia harufu ya nyama, anafunga dirisha lake asije akakusumbua."

"Subhanallah," alisema Haji, na ilikuwa vigumu kujua kama anashangaa au anaomba apewe.

Basi Abdihafid akamweleza kwa huzuni kwamba ana nyumba huko, vyumba vitatu, bomba ndani, na kwamba anaiuza kwa bei ya kutupa kwa sababu amepata kazi Jedda. Haji alisikiliza yote, kisha akauliza swali ambalo katika nchi ile huulizwa kabla jina la mtu halijapoa.

"Wewe ni wa nani?"

Abdihafid alikuwa amejiandaa. Asubuhi kadhaa alikuwa amemnywesha chai dalali mmoja wa soko la mifugo, mzee mwenye mdomo mwepesi, na katika chai ile akapata mababu wote wa Haji Bishar. Akapata pia jina la Bare, ndugu wa Kerrow, babu yake Haji, aliyeondoka na ngamia kwenda upande wa Diff na habari zake zikaishia hapo. Babu aliyepotea ni kama nyumba isiyo na kufuli. Abdihafid aliingia, akakaa.

"Nipeleke nyumbani kwako," alisema kwa sauti ya chini, "nijibu mbele ya watu."

Mbele ya watu, ndani ya ua, wageni wote wakiwa wamekaa kwenye mikeka, alihesabu nasaba yake: Abdihafid wa Hassan, Hassan wa Bare, Bare wa Samatar, na kupanda juu bila kujikwaa mpaka kwa yule babu ambaye wote waliokuwa pale walimfahamu. Bibi mmoja kutoka Eldas, Ardo, ambaye kila mtu alimwita eeddo, shangazi, alijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Kumbe Bare aliacha mtoto," alisema. "Na sisi hatujui. Tumekaa tu, hatujui."

Haji Bishar alimtazama mgeni kwa muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akafungua mikono. "Karibu nyumbani, ina adeer." Maana yake mtoto wa baba mdogo, ndugu wa damu, mtu ambaye huwezi kumfungia mlango.

Chai ililetwa, ikiwa na maziwa ya ngamia na iliki. Abdihafid aliinywa polepole, akajipangusa, akataja jambo dogo la arbuni, yaani kiasi kidogo tu cha kuishikilia nyumba.

Haji akaonekana kuumia. "Arbuni? Baina ya mimi na wewe? Mbele ya watu hawa nikutie fedha mkononi kama mtu niliyekutana naye stendi?"

"Haiwezekani," walisema wageni, wote kwa pamoja.

"Itakuwa aibu," alisema Eeddo Ardo. "Ya Bare na ya Kerrow ni mfuko mmoja."

"Tangulia, ukaiandae nyumba," alisema Haji. "Mimi nitatuma watu wangu waione, waonje maisha ya huko. Wakiridhika, tutamalizana kindugu."

Abdihafid alihisi kitu kimeteleza, lakini hakujua ni kipi. Yeye ndiye aliyetaka undugu. Hangeweza kuukataa na chai ya undugu bado iko tumboni. Akaagana nao, akapanda basi la Nairobi akiwaza bei.

Maryan, mke wa Haji, alikuwa akikusanya vikombe. Alingoja wageni watoke kwenda kuswali magharibi.

"Bare alikufa kabla hajaoa," alisema. "Baba yako alikuwepo akizikwa. Aliisimulia hapa hapa."

"Najua."

"Sasa mbona umemkumbatia?"

Haji alikuwa akitafuna kijiti cha mswaki. "Maryan, tangu mvua zile, watu wamekuja kunidai undugu kwa sababu wanataka chakula changu. Huyu ni wa kwanza kuja kuudai akiwa na nyumba."

Maryan aliviweka vikombe chini ili aweze kucheka vizuri.

Sasa, ile nyumba. Abdihafid hakuwa na nyumba Nakuru wala mahali pengine popote. Alichokuwa nacho ni akiba yote ya maisha yake ya kitapeli, na aliimwaga yote hapo. Alikodi nyumba ya vyumba vitatu katika mtaa wenye miti ya jakaranda, akalipa kodi ya miezi kadhaa kabla, akapaka rangi, akanunua mikeka, chupa za chai na sufuria kubwa, nyumba ionekane ya mtu. Alipomaliza, mfukoni kulibaki fedha za mchele. Alifungua bomba, akayatazama maji yakitoka ukutani, akaona maneno yake mwenyewe yalikuwa matamu hata kwake. Haji angekuja na bei nzima. Kisha Abdihafid angehamia mji mwingine, afunge mlango wake, ale.

Siku hiyo alikuwa anakaanga nyama aliposikia mlinzi wa geti akibishana na mwanamke.

"Mzee, fungua. Hii numba ya mtoto yetu," alikuwa akisema Eeddo Ardo kwa Kiswahili chake. "Sisi nimetoka mbali sana. Bole bole hio geti, iko watoto hapa."

Alikuwa na Hamse, mchungaji mrefu aliyepoteza mifugo yote, pamoja na Idman mkewe, watoto wao, ndugu wawili wa Idman, na mzee mmoja mwenye goti bovu ambaye hakuna aliyemtambulisha kwa sababu kila mtu alidhani Abdihafid anamjua. Kulikuwa na mikeka, vibuyu na sufuria. Abdihafid aliwaona kuwa wakaguzi. Tajiri anayejiheshimu, aliwaza, hatumi mtu mmoja kukagua nyumba. Akaigawa nyama.

Aliwaonyesha bomba. Wakalisifu. Aliwaonyesha vyumba, na kabla hajafika cha tatu, cha kwanza kilishatandikwa. Wiki ikapita wakiyaonja maisha. Waliyaonja asubuhi, mchana na jioni. Mchele uliisha. Aliuza saa yake, na mchele wa saa nao ukaisha.

"Eeddo," alisema siku moja kwa upole, "mkaguzi huwa anarudi kutoa taarifa. Haji anakuja lini?"

"Bishar?" Ardo alishangaa. "Bishar haji. Aliita watu wote uani, akasema mtoto wa Bare amepatikana, ana nyumba kubwa, amekaa peke yake, ana uchungu wa watu wake. Tukalia, wallahi. Nikasema mimi nitakwenda, mtoto asikae peke yake tena."

Abdihafid alitoka bila viatu. Alikwenda moja kwa moja kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na taar, redio ile ya masafa marefu ambayo wafanyabiashara wa Kisomali waliitumia kupashana habari za mji hadi mji. Uzuri wa taar ni kwamba ilifika Mandera. Ubaya wake ni kwamba haikumfikia mtu mmoja; kila mwenye redio njiani alisikia, na katika kila duka lenye redio watu walikaa na chai yao kusikiliza mambo ya wenzao.

"Haji Bishar, ni Abdihafid. Watu wako wako hapa. Ova."

"Alhamdulillahi. Wamezoea baridi? Ova."

"Haji, tulisema unahama wewe. Ova."

"Nilipima, ina adeer, kama ulivyonifundisha." Sauti ya Haji ilikuja ikikwaruza, tulivu kabisa. "Kuhama mimi ni kuacha soko langu, msikiti wangu, maziwa ya ngamia, na kununua nyumba. Kuwahamisha wao ni nauli ya basi. Maji huko yanatoka ukutani, mboga ni bure, nyama hailali na harufu. Nikaona ni dhambi kuificha raha hiyo wasiionje. Ova."

Abdihafid alishika kinasa sauti kwa mikono miwili. Hapa, msomaji, ukumbuke kwamba njia ya kutokea ilikuwa wazi. Sentensi moja tu ilitosha.

"Haji, nisikilize. Mimi si ina adeer wako. Ova."

Nyuma yake, wateja dukani walikuwa wameacha kutafuna miraa. Huko mbali, Wajir, Eldas, Mandera, mtu angeweza kusikia vikombe vikiwekwa chini.

"Redio inakatika," alisema Haji. "Rudia, watu wote wakusikie vizuri. Kama wewe si ina adeer wangu, aliyekuja kuniuzia nyumba kwa nasaba yangu mbele ya mashahidi alikuwa nani? Na nyumba ni ya nani? Ova."

Abdihafid alifikiria. Alifikiria mwalimu wa kiwanja cha mtoni, ambaye pengine alikuwa mahali anakunywa chai karibu na redio. Alifikiria na wengine.

"Nilisema," alisema mwishowe, "hapa hakuna sukari, ina adeer. Ova."

"Undugu ni kufaana," alisema Haji. "Nitatuma sukari na kundi linalofuata. Ova na kwaheri."

Hapo Abdihafid akajua kilichokuwa kimemtoka. Kazi yake ilihitaji mtu asiye wa mtu. Tapeli akiulizwa ni wa nani na kila duka likawa na jibu, kazi imekwisha, kwa sababu aliyeibiwa atajua mlango wa kugonga. Na sasa kuanzia Nakuru hadi mpakani alikuwa Abdihafid wa Hassan wa Bare, mwenye nyumba ya vyumba vitatu. Akakaa kwenye gunia la ngano la mwenye duka, na tuseme wazi, alilia.

Kesho yake, baada ya sala ya alfajiri, alifunga nguo zake katika mfuko. Kodi ikae, sufuria ikae. Angekwenda Tanzania, angejiita jina lingine, angeanza upya na mlango mmoja unaofungika. Hamse alikuwa ameshatoka kwenda kupakua magunia sokoni; kwa siku tatu alikuwa akitafuta kibarua, na jana alileta vitunguu. Watoto walikuwa wamelala wamepangana kama samaki sokoni. Abdihafid aliwaruka mmoja mmoja, akafika getini.

Eeddo Ardo alikuwa amekaa pale na tasbihi yake.

"Safari?"

"Safari, eeddo. Ya kikazi."

Hakuuliza wapi wala lini atarudi. Aliinua viganja akamwombea dua ndefu, akamtaja kwa jina lake na la baba yake na la Bare, na kupanda juu mpaka mwisho wa nasaba, asiache hata mmoja. Akamwomba Mungu amlinde na watu wabaya wa njiani, wale wanaodanganya wasafiri. Akamwomba amrudishe, kwa sababu mwaka ule wote wa mvua walibisha milango mingi, na watu wengi walikuwa na sababu nzuri za kutowafungulia. Kisha akasema amin, na Abdihafid, ambaye hakuwa amekusudia, akasema amin pia.

"Lakini kabla hujaenda," alisema Ardo, akimpa kibuyu, "mtoto mdogo wa Idman ameamka na njaa. Dukani ni hapo tu."

Abdihafid alikitazama kibuyu, akatazama barabara. Akauweka mfuko chini.

Mwenye duka alishangaa kumwona mtu mmoja akitaka maziwa mengi vile asubuhi hiyo, akamuuliza ni ya nani.

"Ya watu wangu," alisema Abdihafid, na akanuna njia nzima mpaka nyumbani.