Sikio Langu la Kushoto

Leo nimeumbuka, jamani. Nimeumbuka mbele ya mke wangu, mchungaji na wanawake kumi wa maombi. Nawaandikia nikiwa saiba, kwenye kompyuta za kulipia, hapa mjini kwa sababu nyumbani, mtaani Mowlem, hakukaliki.

Tangu Jumatatu sikio langu la kushoto lilikuwa na mlio. Vuuu, kama friji kuukuu. Tena lilikuwa halisikii vizuri. Kiwandani naitishwa nyundo, napeleka ndoo. Asubuhi hii nikasema, badala ya kupanga foleni kwa daktari, niulize intaneti. (Mimi msomi.) Nikaandika: mlio, sikio moja, kichwa kuuma. Ukurasa ukafunguka polepole, mstari baada ya mstari, kama mtu anayefunua maiti. Wa kwanza: uchovu. Wa pili: nta. Wa tano: uvimbe kwenye ubongo.

Wa sita sikuusoma.

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nilimkuta mke wangu Akinyi akikata mboga ya sukuma.

"Mama Vera, nakufa."

Kisu kikasimama. "Nani amesema?"

"Kompyuta."

Msicheke. Mwaka huu tumezika watu wanne katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga, na kila mmoja alianza na kitu kidogo. Akinyi hakubisha. Alifunga kitambaa kichwani, akatoka kuwaita wa kanisani.

Saa nane nyumba ilijaa. Waliimba zile nyimbo za taratibu, za matanga. Mimi katikati, kwenye kiti, nikilia. (Ndiyo, kwa sauti.) Mchungaji akaniwekea mkono kichwani, akauliza, "Ndugu, kuna jambo linalokulemea?"

Hapo ndipo ningepaswa kunyamaza!

"Mama mkwe alipofariki Aprili," nikasema, "niliwaambia bosi amenikatalia ruhusa. Sikuiomba hiyo ruhusa. Niliogopa jeneza. Siku ya mazishi nilikuwa hapa kitandani, nimejifunika blanketi mpaka kichwani."

Wimbo ukakatika. Akinyi hakulia. Afadhali angelia.

Mara akaingia Bi Rukia, jirani wa mlango wa pili, muuguzi aliyestaafu. Alikuwa amesikia nyimbo.

"Nani amefariki?"

"Bado," nikamjibu.

Akaelezwa. Akaniinamia. "Baba Vera, masikio unayasafisha na nini?"

"Kijiti cha kiberiti. Nakivika pamba."

"Na mara ya mwisho, pamba ilitoka?"

Nikafikiria. Nikaendelea kufikiria. Bi Rukia hakungoja jibu. Aliagiza tochi na kibano chake cha nyusi viletwe, akanivuta kichwa dirishani, mchungaji akashika tochi. Kitambo kidogo, akainua juu kitu cheusi, kimelowa, ukubwa wa punje ya haragwe. Akakizungusha ili kila mtu akione.

"Uvimbe wako huu hapa."

Vuuu ikakoma. Na nikasikia kila kitu, ndugu zangu! Nilimsikia mama mmoja akicheka ndani ya leso. Nilimsikia mchungaji akikohoa kikohozi cha mtu anayebana kicheko. Nilisikia viatu vyao vyote vikitoka nje bila kungoja chai, na kicheko kikipasuka walipofika getini.

Tukabaki wawili.

"Umezibuka?" Akinyi akauliza.

"Ndiyo."

"Unanisikia?"

"Nakusikia, Mama Vera."

"Mama alikuwa akikuita mwanangu. Pale kitandani pake, siku ya mwisho ya uhai wake, aliuliza kama umefika. Nikamdanganya kwamba uko njiani." Alichukua kisu, akarudi kwenye sukuma yake. "Kesho asubuhi tunaenda kwetu Siaya. Utasimama kaburini, umwambie mwenyewe ulikuwa wapi."

Nikachukua koti, nikaja hapa saiba.

Kwa hivyo naomba msicheke. Badala yake, anayejua mtu huanzaje kuongea na kaburi alilolikimbia, aniandikie leo.